Maambukizi ya Figo Yanayofanana na Saratani (XGP): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo wagonjwa na ndugu zao wanaozungumza Kiswahili nchini Uganda huyarudia baada ya kuambiwa kwamba kwenye figo kuna kitu ambacho huenda ni saratani na huenda siyo. Majibu hayachukui nafasi ya daktari aliyemwona mgonjwa; yanakusudiwa kumsaidia mtu aelewe anachoambiwa na ajue la kuuliza.

## Mambo ya msingi

1. Ugonjwa huu ni nini hasa?

Ni maambukizi ya bakteria ya muda mrefu yanayoiharibu figo polepole hadi ikaacha kufanya kazi. Jina lake la kitabibu ni pielonefritisi ya zanthogranuloma, na kwa kuwa madaktari wengi huandika XGP tu kwenye faili, nasi tutatumia kifupi hicho. Sehemu za figo zinazochuja damu na kukusanya mkojo hufa, na mahali pake hujaa seli za kinga zilizomeza mafuta yanayotokana na tishu zilizokufa. Seli hizo hurundikana na kufanya mabonge ya rangi ya manjano.

Figo iliyotolewa ikipasuliwa katikati kwenye meza ya maabara, ugonjwa huonekana waziwazi. Nyama ya kawaida ya figo, yenye rangi ya hudhurungi, imebaki ukanda mwembamba pembezoni au haipo kabisa. Katikati kuna jiwe lenye matawi lililojibana ndani ya njia za mkojo. Kulizunguka jiwe hilo kuna mashimo yaliyojaa usaha mzito, na kuta za mashimo zimefunikwa na tishu za manjano iliyokolea ambazo hubomoka zikiguswa. Daktari Schlagenhaufer aliueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1916, na hadi leo umeendelea kuwachanganya hata wataalamu.

2. Kwa hiyo si saratani?

Si saratani, na hausambai kwa njia ya damu kwenda kuota kwenye mapafu au mifupa kama saratani ifanyavyo. Hata hivyo, si ugonjwa mpole. Unaweza kupenya kutoka kwenye figo hadi kwenye mafuta yanayoizunguka, misuli ya mgongo, utumbo, hata ngozi (tazama swali la 18), na mgonjwa asiyetibiwa anaweza kufa kwa bakteria kuingia kwenye damu. Ziko pia nyakati chache sana ambapo magonjwa haya mawili hukutwa katika figo moja. Hilo limejibiwa katika swali la 17.

3. Husababishwa na nini?

Kwa kawaida mambo mawili hukutana: mkojo umezuiwa kutoka kwenye figo, na bakteria wamekaa katika mkojo huo uliotuama. Kizuizi mara nyingi ni jiwe, hasa lile kubwa lenye matawi linalojaza sehemu ya ndani ya figo. Bakteria wanaopatikana mara nyingi ni Proteus mirabilis na Escherichia coli.

Proteus anastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu yeye hujijengea nyumba. Ana kimeng'enya kinachovunja urea iliyomo kwenye mkojo na kutoa amonia. Mkojo hupoteza asidi yake, na chumvi za magnesiamu, amonia na fosfati huganda na kuwa jiwe. Bakteria hubaki ndani ya jiwe hilo, mahali ambapo dawa haiwafikii vizuri. Ndiyo maana mtu hutibiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), akapata nafuu, kisha ikarudi baada ya wiki chache, na mzunguko huo ukaendelea. Mwenye kisukari yumo katika hatari kubwa zaidi.

4. Nani hupatwa nao, na je, unaambukiza?

Wengi ni wanawake wa umri wa makamo au zaidi, ingawa wanaume na watoto pia hupatwa. Ni ugonjwa nadra: hata miongoni mwa figo zenye maambukizi sugu, XGP haifikii moja katika mia. Kwa kawaida hushika figo moja tu. Hauambukizwi kwa ndoa, kwa choo wala kwa vyombo, na haurithiwi.

5. Nimetibiwa malaria mara nyingi. Ningejuaje kwamba tatizo lilikuwa figo?

Dalili huja polepole, kwa miezi: maumivu ya ubavu mmoja chini ya mbavu kuelekea mgongoni, homa zinazokuja na kuondoka, kukonda, uchovu, kupungukiwa damu, mkojo wenye usaha au harufu kali, na wakati mwingine uvimbe unaoshikika kwa mkono. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni ya XGP peke yake.

Malaria huchangia sana kuchelewesha utambuzi hapa kwetu. Katika maeneo mengi ya Uganda mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria katika damu huku homa yake ikitokana na jambo lingine, na kile kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha. Kipimo kikitoa jibu la malaria, utafutaji huishia hapo. Musawo (mhudumu wa afya) wa dukani naye huongeza antibaiotiki ya siku tatu, homa inashuka, na kila mtu anaamini kazi imekwisha. Homa iliyorudi mara ya pili au ya tatu ikiambatana na maumivu ya upande mmoja inahitaji mkojo upimwe na figo zitazamwe kwa altrasaundi. Altrasaundi haitoi jibu la mwisho, lakini jiwe kubwa na figo iliyovimba huonekana hata kwa mashine ya kawaida.

6. Damu kwenye mkojo haiwezi kuwa kichocho?

Inaweza, lakini si jambo la kudhani bila kupima. Kichocho kilichoenea kandokando ya Ziwa Victoria, Ziwa Albert na Mto Naili ni hasa kile cha matumbo; kile cha mkojo kinapatikana katika maeneo machache ya nchi. Mtu mzima anayekojoa damu apimwe figo na kibofu, hata kama amekwisha kumeza dawa za kichocho zinazogawiwa kijijini.

## Kufanana na saratani, na vipimo

7. Kwa nini hata madaktari hushindwa kutofautisha?

Kwa sababu karibu kila ishara inayoelekeza kwenye saratani ya figo inapatikana pia hapa. Mgonjwa amekonda, ana upungufu wa damu, anakojoa damu, ana uvimbe ubavuni. Picha inaonyesha figo kubwa isiyo na umbo lake, yenye bonge linalovuka mpaka na kushikamana na viungo jirani, na matezi ya karibu yamevimba. Hata vipimo vya ini vinaweza kupanda bila ini lenyewe kuwa na ugonjwa, kisha vikarudi chini baada ya figo kutolewa. Jambo hilo hilo hutokea katika saratani ya figo.

XGP huja kwa namna mbili. Ile iliyoenea figo nzima ndiyo ya kawaida, na jiwe lililomo ndani humpa daktari fununu. Namna ya pili hushika sehemu moja tu ya figo, mara nyingi bila jiwe, huku sehemu nyingine ikiendelea kufanya kazi. Hiyo ya pili ndiyo inayodanganya zaidi, na kwa maoni yangu daktari anayeiita saratani kabla ya upasuaji hastahili lawama.

8. Ripoti ya CT imeandika kwamba inashukiwa ni saratani. Tuichukulieje?

Ichukuliwe kama shaka yenye uzito ambayo bado haijawa hukumu. Kipimo cha CT, yaani picha za eksirei za tabaka za mwili, chenye dawa ya kung'arisha ndicho picha inayosaidia zaidi, na katika XGP iliyoenea huonyesha mambo matatu kwa pamoja: figo kubwa isiyotoa ile dawa kwenye mkojo, jiwe katikati, na mashimo meusi yaliyopangika kulizunguka, yenye kuta zinazong'aa. Madaktari wa mionzi huuita mpangilio huo unyayo wa dubu, mnyama ambaye wengi wetu tumemwona kwenye picha tu. Mpangilio huo ukiwapo, na mgonjwa ana historia ya homa na mawe, uwezekano wa XGP ni mkubwa. Usipokuwapo, picha peke yake haiwezi kuamua.

Kabla ya kipimo, damu hupimwa kreatinini, taka inayoonyesha jinsi figo zinavyochuja, kwa kuwa dawa ya kung'arisha inaweza kuilemea figo iliyokwisha kudhoofika. Mwenye kisukari anayetumia metformini amwambie mpimaji mapema. Filamu au diski ya CT ni mali ya kutunza: msiiache kliniki, na kila mnapohamishiwa hospitali nyingine nendeni nayo, kwa sababu daktari wa upasuaji atataka kuiona picha yenyewe na si karatasi ya maelezo tu.

9. Kwa nini wasichukue kipande kwa sindano ili tujue kwanza?

Hilo ndilo swali linalowasumbua ndugu kuliko mengine yote, na linaeleweka: hakuna anayependa kutoa kiungo kwa kubahatisha. Lakini biopsi ya sindano ina matatizo katika hali hii. Sindano inayopita kwenye usaha inaweza kuueneza nje ya figo. Kipande kinachopatikana ni kidogo sana, na kikionyesha uvimbe wa maambukizi peke yake hakithibitishi kwamba hakuna saratani sentimita mbili pembeni. Isitoshe, seli za XGP zilizojaa mafuta, zikitazamwa kwa hadubini, hufanana na seli za aina ya kawaida ya saratani ya figo, ambazo nazo huonekana nyeupe na tupu ndani. Patholojia inaweza kuzitofautisha kwa rangi maalumu zinazoshika seli za kinga na kuziacha za saratani, ila rangi hizo hazipatikani katika kila maabara.

Sababu nzito zaidi ni kwamba jibu mara nyingi halibadilishi uamuzi. Figo iliyokwisha kufa, yenye jiwe na usaha, hutolewa iwe ina saratani au haina. Biopsi huwa na maana pale ambapo jibu lingebadilisha njia: ugonjwa umeshika sehemu ndogo tu, mgonjwa ana figo moja, au hali yake hairuhusu upasuaji.

10. Mkojo ulioteshwa haukuonyesha bakteria. Si ina maana hakuna maambukizi?

Haina maana hiyo. Figo ikiwa imeziba kabisa, mkojo unaofika kwenye chupa umetoka kwenye figo ya pili iliyo nzima, na bakteria wamefungiwa upande mwingine. Tena, dozi moja tu ya antibaiotiki iliyomezwa jana inaweza kuzuia bakteria wasiote maabara. Kwa hiyo mkojo utolewe kabla ya dawa kuanza, na mgonjwa aseme ukweli kuhusu alichonunua dukani.

11. Huenda ikawa kifua kikuu cha figo?

Inawezekana, na nchini kwetu ni lazima kifikiriwe, hasa kwa mtu anayeishi na VVU au aliyewahi kuugua kifua kikuu. Kifua kikuu cha figo hutoa usaha kwenye mkojo ambao uoteshaji wa kawaida hauonyeshi bakteria wowote. Kuna vipimo vyake maalumu vya mkojo. Waulizeni madaktari kama vimefanywa.

## Matibabu

12. Dawa peke yake haitoshi? Na mitishamba ya kuyeyusha mawe?

Antibaiotiki ni muhimu, lakini kwa XGP iliyoenea kazi yake ni kumtuliza mgonjwa afike mezani akiwa salama. Hupunguza homa na bakteria waliomo kwenye damu. Haifufui figo iliyokufa wala haifiki ndani ya jiwe. Usaha ukiwa umekusanyika na mgonjwa ana hali mbaya, madaktari wanaweza kwanza kupitisha mrija mgongoni ili utoke.

Kuhusu mitishamba, mawe ya maambukizi yaliyoelezwa katika swali la 3 hayayeyuki kwa chai ya majani, na anayeuza chupa ya kuyeyusha mawe hana namna ya kujua ndani ya figo kuna jiwe gani. Baadhi ya mimea huiumiza figo. Anayetumia dawa yoyote ya kienyeji amwambie daktari bila aibu, kwani jambo hilo huathiri dawa ya usingizi na kutoka damu.

13. Ni lazima figo nzima itolewe?

Kwa ugonjwa ulioenea, ndiyo, mara nyingi, pamoja na mafuta yaliyoathirika kandokando yake. Kwa ule ulioshika sehemu moja, daktari anaweza kukata sehemu hiyo na kuiacha iliyobaki. Wapo wagonjwa wachache wa namna hiyo waliopona kwa antibaiotiki na kufuatiliwa kwa picha, hasa watoto, lakini njia hiyo inahitaji uhakika wa utambuzi na mgonjwa anayeweza kurudi kliniki bila kukosa.

Mwaka 1978 Malek na Elder waliugawa ugonjwa katika hatua tatu ambazo bado zinatumika: uliomo ndani ya figo peke yake, uliotoka hadi kwenye mafuta yanayoizunguka, na uliovuka zaidi kuelekea viungo jirani. Muulizeni daktari mgonjwa wenu yuko hatua gani, kwa kuwa hapo ndipo ugumu wa operesheni hujulikana.

14. Operesheni ina hatari gani, na ifanyike wapi?

Ni ngumu kuliko kuitoa figo ya kawaida. Maambukizi ya muda mrefu huunganisha figo na utumbo, ini au bandama, na mishipa mikubwa ya damu huwa imezama ndani ya makovu. Hatari kuu ni kutoka damu, kuumia kwa viungo jirani, na kidonda kuoza. Wakianza kwa matundu madogo na kamera, huenda wakalazimika kufungua tumbo. Huo si uzembe.

Kituo cha afya cha daraja la IV kina chumba cha upasuaji, lakini si mahali pa kazi hii. Ni operesheni ya hospitali ya rufaa kama Mulago au Mbarara, au hospitali kubwa nyingine yenye bingwa wa mfumo wa mkojo. Pigeni simu kwanza mjue siku za kliniki yake kabla ya kulipa nauli ya basi kutoka Arua au Kasese. Mkiulizwa juu ya damu, elewa kwamba huchangiwa bure kwa Huduma ya Damu ya Uganda, na haitakiwi kuuzwa. Ndugu wanaokwenda kuchangia mapema hupunguza uwezekano wa operesheni kuahirishwa asubuhi ya siku yenyewe.

15. Tumepewa chombo chenye figo tukipeleke maabara. Tufanye nini?

Msikidharau chombo hicho. Ndani yake ndimo lilimo jibu la swali lililoanza yote haya. Hakikisheni mambo haya papo hapo, kabla ya kutoka wodini: chombo kina mdomo mpana na figo haikusukumwa kwa nguvu, imezama kabisa kwenye dawa ya formalini na si kwenye maji au spiriti, jina la mgonjwa, tarehe na upande wa figo vimeandikwa kwenye chombo chenyewe na si kwenye kifuniko, na fomu imeandikwa kwamba XGP na saratani zote zinashukiwa. Kifuniko kikazwe, kwa kuwa formalini huwasha macho na kuchoma ngozi, na safari ya bodaboda ina matuta.

Kisha ulizeni ripoti itakuwa tayari lini na nani atakwenda kuichukua. Kuna figo ambazo ripoti zake hulala maabara kwa sababu mgonjwa amepona, amerudi kijijini, na hakuna aliyekumbuka. Mtu huyo ataishi bila kujua kama alikuwa na saratani.

## Baada ya upasuaji

16. Mtu anaishije na figo moja?

Anaishi vizuri, ikiwa iliyobaki ni nzima. Nayo hukua kidogo na kubeba kazi ya zote mbili. XGP kwa kawaida hairudi baada ya figo kutolewa. Anaweza kulima, kufanya biashara, kuzaa na kufunga Ramadhani, ingawa la kufunga alizungumze na daktari, hasa kama ana kisukari au alikuwa na mawe.

Kitu cha kuogopa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hapa hununuliwa kama peremende kwa ajili ya mgongo na magoti. Zikitumiwa kwa muda mrefu huumiza figo. Shinikizo la damu na kreatinini vipimwe kila mwaka, na UTI yoyote ichukuliwe kwa uzito: mkojo uoteshwe, dozi imalizwe. Figo ya pili ikiwa na jiwe, hata dogo, lishughulikiwe mapema.

## Hali za pekee

17. Je, saratani na XGP vinaweza kukaa pamoja?

Ndiyo, ingawa ni nadra. Ndiyo maana figo nzima huchunguzwa na kukatwa sehemu nyingi, na ndiyo maana swali la 15 limeelezwa kwa urefu. Saratani ikikutwa, mgonjwa huelekezwa kwenye huduma za saratani. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, iko karibu na Hospitali ya Mulago.

18. Kuna tundu kiunoni linalotoa usaha na haliponi. Linahusiana?

Huenda likahusiana. Usaha wa figo unaweza kuchimba njia hadi kwenye ngozi ya ubavuni au kiunoni, na tundu hilo hukauka kwa antibaiotiki kisha likafunguka tena. Kulipasua na kulisafisha kliniki hakutoshi, kwa kuwa chanzo kiko ndani. Njia kama hiyo ikifunguka kwenye utumbo, mgonjwa anaweza kutoa hewa au uchafu katika mkojo. Hiyo ni dalili ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Usaha ukishuka kwenye misuli ya paja, mgonjwa hushindwa kunyoosha mguu.

19. Mtoto wetu ana uvimbe tumboni. Inaweza kuwa XGP?

Inaweza, lakini saratani hutangulia katika orodha. Kwa mtoto mdogo uvimbe wa figo hushukiwa kwanza kuwa uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto, na Uganda ni nchi ambamo limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga iliyoelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Kampala, huweza pia kushika figo. Magonjwa hayo hukua haraka na yana matibabu yanayoponya watoto wengi, kwa hiyo mtoto asicheleweshwe kwa tumaini kwamba ni maambukizi tu.

Upande wa pili wa jambo hili haupaswi kusahauliwa. Uvimbe wa Wilms huweza kuanzishiwa dawa za saratani kabla ya upasuaji kwa kutegemea picha peke yake, na mtoto mwenye XGP anaweza kuingizwa katika njia hiyo kimakosa. Kama mtoto amekuwa na homa za muda mrefu, usaha kwenye mkojo au jiwe, mama au baba aseme wazi, hata asipoulizwa, na aombe madaktari wa saratani na wa upasuaji waitazame picha pamoja.

20. Mgonjwa ni mjamzito, au figo zote mbili zimeathirika. Itakuwaje?

Hali zote mbili ni nadra sana na hazina kanuni moja. Kwa mjamzito, CT huepukwa kwa sababu ya mionzi na altrasaundi hutumika zaidi. Antibaiotiki huchaguliwa zile zisizomdhuru mtoto, na usaha hutolewa kwa mrija ikiwezekana ili operesheni kubwa isubiri hadi baada ya kujifungua. Figo zote mbili zikiathirika, madaktari hujitahidi kuokoa kila sehemu inayochuja, kwa kuondoa kizuizi na kukata kidogo iwezekanavyo, kwa sababu kuzitoa zote kunamaanisha kusafisha damu kwa mashine maisha yote au kupandikizwa figo ya mtu mwingine.